Chai ya Wifi Antonia

Nianze na kibuyu, maana ndicho kilichonipa jina baya.

Kwetu Malambo mwanamke hatii maziwa kwenye kibuyu kabla hajakifukiza. Unachukua kijiti cha mzeituni wa porini, unakiunguza mpaka kichwa chake kiwe kaa jekundu, unakiingiza ndani, unasugua, unafunika, moshi unakaa. Maziwa yakigandia humo hayaharibiki upesi, na yana harufu ambayo Mmaasai akiisikia popote anamkumbuka mama yake. Ila vumbi la mkaa halikosi. Ukimimina utaona vidoa vyeusi vinaelea juu. Sisi tunakunywa navyo. Wifi yangu Antonia alipoviona kwenye kikombe cha mdogo wake, alikiweka kikombe mezani taratibu, akanitazama, akasema, "Mama Sifa, hii nini?"

"Mkaa."

"Mkaa. Kwenye maziwa ya mgonjwa."

"Hata bibi yako mzaa baba alikuwa anafukiza vibuyu, muulize baba yako mdogo, Mzee Piusi. Ninyi mliohamia mjini ndio mmesahau."

Mdomo wangu hauna breki, najua, na nimeambiwa sana. Lakini mtu akikuuliza swali huku ameshajijibu, utamwambia nini? Tangu siku hiyo Antonia akawa ananusa kila kitu kilichotoka jikoni kwangu.

Mgonjwa mwenyewe ni Clemensi, mume wangu. Ni Mwiraqw wa hapa Karatu, dereva wa watalii. Mimi nilikuwa nauza shanga pale juu ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, yeye anasimamisha gari wageni wapige picha, ananunua bangili ambayo haina wa kuivaa. Alinunua nyingi mpaka wenzangu wakaanza kunitania. Ndugu zake hawakuelewa amekosa nini kwao mpaka aende kuchukua Mmaasai, na Antonia ndiye aliyelisema hilo kwa sauti. Baadaye tulizoeana, kwa maana ya kwamba tulijifunza kusalimiana. Binti yetu Sifa sasa yuko sekondari ya bweni, na hata yeye anajua kwamba mama na shangazi wakikaa chumba kimoja, redio huongezwa sauti.

Ugonjwa ulianzia kwenye gia. Clemensi alikuwa anashusha gari Kreta, mkono wa kushoto ukakataa kubadilisha. Akadhani ni uchovu. Halafu nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada ikaanza kuondoka, pakabaki shimo. Misuli ya bega ikawa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi, kama panya chini ya turubai. Kisha ulimi ukawa mzito, maneno yanatoka yamelowana, wageni wakamshitaki kwa bosi kwamba dereva amelewa. Clemensi, ambaye hata pombe ya harusi hanusi. Bosi hakuuliza mara mbili, alinyoosha mkono akataka ufunguo. Clemensi alirudi nyumbani kwa miguu, na alipofika akaniuliza, "Na wewe unanisikia kama mlevi?" Nikamwambia hapana. Nilikuwa nadanganya, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeshamnusa mara mbili akiwa amelala. Ndivyo shaka ilivyo, haibishi hodi.

Tukaenda hospitali kubwa Moshi, watatu, maana Antonia alisema haachwi mgonjwa wa kwao na mtu mmoja. Lile neno "mtu mmoja" nililisikia, nikaliweka. Baada ya vipimo daktari akatukalisha. Alikuwa mama mtu mzima, anaongea polepole bila kujificha nyuma ya maneno makubwa. Akasema ni ugonjwa wa neva zile zinazoiamuru misuli. Zinakufa kidogo kidogo, na misuli isiyoamriwa inalala. Akili inabaki nzima. Dawa ya kuuponya hakuna. Clemensi aliitikia kwa kichwa kama anayeelekezwa njia.

Antonia akauliza, "Umetoka wapi? Kuna mtu amempa kitu?"

"Kwa wagonjwa walio wengi hatujui chanzo," daktari akasema. "Kuna unaorithiwa, wa kwake hauonekani kuwa huo. Amekuwa akiishije miaka hii ya karibuni?"

Hapo tukasema wote wawili kwa pamoja. Kwamba alikuwa anaamka kabla ya jogoo, simu ya bosi chini ya mto, msimu wa wageni hapati usingizi. Kwamba akirudi anakuta tembo wametoka msituni wamepita kwenye mahindi. Na kwamba kulikuwa na shauri la mpaka, lile la shamba la baba yao linalopakana na msitu wa Ngorongoro. Baba yao alikufa bila kuonyesha mpaka unapita wapi. Clemensi akasema ni kwenye mstari wa mkonge, Antonia akasema mkonge umepandwa juzi, na kwa miaka hiyo yote wakawa wanaitana kwenye baraza la kata, ndugu wa tumbo moja. Akitoka barazani Clemensi alikuwa hali chakula. Anakaa tu, anasaga meno.

Daktari akatusikiliza mpaka mwisho. "Wapo watafiti wanaoshuku kwamba mawazo ya muda mrefu yanaweza kuchangia," akasema. "Mwili ukikaa kwenye wasiwasi miaka na miaka, zile kemikali za hofu hazizimiki, na huenda zinazidhoofisha neva zilizokwisha kuwa na udhaifu. Wengine wamechunguza wasione uhusiano. Kwa hiyo nawaomba mnisikie vizuri: hiyo ni shaka ya kitaalamu, si hukumu. Msitoke hapa mkatafute mtu."

Tulitoka hapo tukatafuta mtu.

Hatukufika hata mwisho wa korido. Antonia akasema, "Umesikia? Mawazo. Tangu aoe nyumba yake haijatulia." Nami nikasema, "Mawazo yana jina na lina mstari wa mkonge katikati. Nani alimpeleka barazani?" Clemensi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu cha hospitali, kati yetu. Antonia akavuta khanga yake, akaondoka kwenda kukaa getini, hakurudi tena ndani.

Sasa hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Antonia akiwa getini, muuguzi alinichukua mimi na Clemensi pembeni, akatufundisha kula. Akasema koo nalo ni misuli. Chakula kizito kinashuka polepole, kinampa nafasi ya kumeza. Kitu chepesi, maji, chai, supu, kinakimbia kuliko koo lake, kinaingia kwenye njia ya hewa, na hapo mtu anaweza kufa mezani. Apewe vitu vizito, kijiko kimoja kimoja, kidevu kimeinama kifuani. Maji yenyewe yafanywe mazito kwa unga wa uji. "Chai je?" nikauliza, kwa sababu namjua mume wangu. Chai ya maziwa yenye tangawizi ndiyo iliyokuwa inamtoa kitandani. Muuguzi akatikisa kichwa.

Nilipomwambia Antonia kwenye basi, alinitazama kwanza. "Umeambiwa na nani? Mbona mimi sikusikia?"

"Ulikuwa getini."

"Kwa hiyo asinywe chai. Asinywe maji. Ale vya kwako tu, kutoka kwenye kibuyu chako."

Nikasema ndiyo, na sikurudia. Ningerudia? Labda. Lakini mimi si kasuku.

Maziwa mgando yakawa mkombozi wetu. Ni mazito, yanateleza, yanatia nguvu. Kila asubuhi nilifukiza kibuyu, nikamlisha Clemensi kwa kijiko, kidevu chini, meza, tulia, tena. Alikuwa anakonda hata hivyo, kwa sababu ugonjwa ulikuwa unamla, na Antonia akawa anapima kukonda kwake na vidoa vya mkaa kwenye kikombe, anajumlisha. Akawa anakuja bila kubisha hodi. Siku moja nilimkuta anamimina maziwa yangu kwenye chupa ya maji, anaifunga kwenye mkoba. "Nayapeleka wapi? Nyumbani, nikanywe," akasema. Mtu aliyekuwa hataki hata kuyaonja. Nikajua anayapeleka kupimwa.

Na mimi nikamchunguza. Msidhani nilikaa kimya kama mtakatifu wa ukutani. Nilimwona anatembea kwenye mkonge, anapiga picha kwa simu. Nikajiambia, haa, anasubiri kaka afe apime shamba. Akikaa na Clemensi wanaongea Kiiraqw, nami nikipita na ufagio nafagia pale pale palipokwisha kufagiwa. Wao walijua sijui Kiiraqw. Nilipoolewa nilikuwa sijui kweli. Lakini mtu anayeshuku kwamba anasengenywa hujifunza lugha upesi kuliko mwanafunzi, na miaka yote hiyo sikumwambia yeyote, hata Clemensi. Ilikuwa akiba yangu.

Ulimi wa Clemensi ulipozidi kuwa mzito, nikabaki mimi tu ninayemwelewa. Kwa wengine ilikuwa mivumo tu. Mimi niliyekaa naye kutwa nilikuwa nasikia maneno ndani yake. Mtu akija, Clemensi anasema, mimi natafsiri. Hapo ndipo Antonia alipokosa usingizi kabisa. Aliwaambia majirani, "Kaka yangu sasa anasema anachotaka mke wake."

Nikijiweka mahali pake, hata mimi ningesema hivyo.

Akaitisha kikao cha ukoo. Jumapili, baada ya ibada, viti vikapangwa uani kwetu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Piusi, baba yao mdogo, mtu wa haki lakini anayependa mambo yaishe kabla ng'ombe hawajarudi. Antonia alikuja kutoka mjini na chupa ya chai na vikombe vyake mwenyewe. Hata sukari alikuja nayo. Nilikiona hicho, nikajua hakuja kunywa cha kwangu.

Hoja yake ilikuwa fupi. Clemensi ahamie kwake Karatu mjini, alelewe na damu yake. Mimi nibaki shambani au nirudi Malambo, nichague.

Ninawaambia ukweli, sikuogopa kurudi Malambo. Kwetu kuna ng'ombe na kuna watu. Nilichoogopa ni kikombe. Nilikuwa namwona Clemensi kwenye nyumba ya Antonia, amezungukwa na upendo, anapewa chai ya moto na mtu asiyeamini kwamba chai inaua. Asingemaliza wiki.

"Tumuulize mwenyewe," Mzee Piusi akasema. "Clemensi, mwanangu, unataka kukaa wapi?"

Clemensi akasema. Ilimchukua muda. Wote wakanigeukia, na nikachukia jinsi sauti yangu ilivyotoka ndogo. "Anasema anakaa hapa."

"Nani anathibitisha?" Antonia akauliza. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Baba mdogo, nani anathibitisha? Anakonda, ananyimwa maji, ananyimwa chai, analishwa mkaa, na kila akisema neno linapitia kwa huyu. Ningekuwa mimi ndiye mke na yeye ndiye dada, mngekaa hivyo mnatazama?"

Watu wakaguna. Hata mimi nilijiona mchawi kwa muda mfupi.

Antonia akafungua chupa, akamimina. Harufu ya tangawizi ikajaa uani. Akaja akapiga magoti mbele ya Clemensi. "Mdogo wangu, huyu amesema chai itakudhuru. Hii nimepika mwenyewe kwa mikono yangu. Utakunywa?"

Nikainuka. "Asinywe. Wifi, nakuomba. Ikiingia kwenye mapafu—"

"Mama Sifa, kaa," Mzee Piusi akasema. "Mwache mtu ajibu. Kichwa chake bado kinatikisika."

Clemensi akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, mimi nikatikisa kichwa, hapana, hapana. Kisha akamgeukia dada yake, akainamisha kichwa. Ndiyo.

Alikunywa. Nilimwona akifumba macho. Funda la kwanza lilipita, na Antonia akanitupia jicho, lile la unaona. La pili likapita. La tatu halikupita.

Hakukohoa kama tunavyokohoa sisi. Hakuwa na nguvu za kukohoa. Alifungua mdomo, sauti haikutoka, uso ukabadilika rangi, macho yakamtoka. Antonia akapiga kelele, akamshika kichwa akakivuta nyuma ili apate hewa, na hiyo ndiyo ilikuwa inammalizia. Sikumbuki nilivyofika. Nilimsukuma Antonia akaanguka na vikombe vyake, nikamwinamisha Clemensi mbele mpaka kifua kikalala kwenye mkono wangu, nikampiga katikati ya mabega kwa kiganja kama muuguzi alivyonionyesha. Tena. Tena. Chai ikatoka puani, na makohozi, kisha mlio kama bawaba kavu ya mlango. Ilikuwa hewa.

Mzee Piusi alikuwa amesimama na kofia mkononi. Nilimfuta Clemensi uso kwa khanga. Antonia alikuwa bado chini, kwenye majani yaliyolowa chai, amejishika mdomo.

Clemensi alipopata pumzi, akasema. Hakusema Kiswahili. Alisema Kiiraqw, na alimtazama Antonia. Ilikuwa mivumo ile ile iliyolowana, imezidi kuharibika kwa sababu ya koo lililoumia. Antonia akasogea kwa magoti, akatega sikio. Akarudia, "Nini? Sema tena." Akasema tena. Antonia akageuka kwa wazee, mmoja mmoja, wote wanaozungumza lugha hiyo tangu wakinyonya kwa mama zao. Walitazama chini. Hakuna aliyeambulia neno.

Nami nilikuwa nimeelewa.

Nikafikiri ninyamaze. Nikisema, watajua kwamba miaka yote nimekuwa nikiwasikiliza. Na neno lenyewe halikuwa zuri kwangu, halikuwa zuri kwa yeyote. Ningeweza kusema amesema nakupenda dada, na kila mtu angelia akaenda nyumbani kwake.

"Mama Sifa," Antonia akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza akiwa anataka jibu. "Amesema nini?"

Nikamjibu kwa Kiiraqw. Kiiraqw changu ni cha Mmaasai, kinachechemea, lakini kilifika. "Amesema alijua itampalia. Amesema alikunywa ili tunyamaze."

Antonia alinitazama kwa kinywa wazi. Kisha akamgeukia Clemensi, na nilijua anataka uthibitisho, hata pale, hata baada ya hayo. Sikumlaumu. Clemensi akainamisha kichwa. Ndiyo.

Nilikaa chini kwenye majani, pembeni yake. Daktari alisema mawazo. Tuliyatafuta kwa bosi, kwa tembo, barazani, kwenye mkonge, kumbe hata kama yalianzia huko, sasa yalikuwa yanamzunguka kitandani kwa miguu minne, miwili yangu na miwili ya Antonia. Kama ndiyo yaliyomtia ugonjwa, sijui, na daktari hajui. Lakini nilijua ni nini kilichomfanya apokee kile kikombe, na hilo halikuhitaji mtafiti.

Kikao kiliisha bila kufungwa. Mzee Piusi aliondoka akisema tutaonana, basi. Antonia hakuondoka. Aliokota vikombe vyake, akaviosha, akaingia jikoni kwangu bila kuombwa. Akatoka na kibuyu. Akajimiminia, na mkaa wake, akanywa mbele yangu bila kukunja uso, halafu akaniambia, "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Kidevu chini. Kijiko kisijae. Subiri umwone koromeo limepanda na kushuka. Yeye ni mpishi wa hoteli mjini, mkono umezoea masufuria makubwa; kijiko cha kwanza alikijaza, nikakipunguza.

Sasa anakuja mara kwa mara na ndiye anayemlisha. Kila akija huanza kwa kuonja yeye. Eti anapima kama yamechacha. Mimi najua anachopima, namwachia. Na mimi anapolisha nakaa mlangoni, natazama koo la Clemensi kila kijiko, eti napumzisha mgongo. Yeye naye ananijua. Shauri la mpaka bado liko barazani, hatulizungumzii humu ndani. Kwa Kiiraqw siku hizi yeye na ndugu zake wananisengenya nikiwepo, na nawajibu.

Chupa ya chai bado anakuja nayo. Tunainywa wawili, mbali, kule kwenye mkonge. Harufu ya tangawizi ikimfikia Clemensi mate yanamjaa mdomoni, na siku hizi hata mate yanampalia.